Ahadi Uliyojipa Mwenyewe Nayo Ni Deni

(Haya niliyasema mbele ya watu kwenye semina kuhusu kujiamini, nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, kwahiyo mnivumilie pale sentensi zinapokimbia.)

Habari za mchana jamani. Asanteni sana kwa kuja, na nyie mliosimama kule nyuma naombeni msogee mbele, viti vipo, na hakuna mtu atakayeulizwa swali la ghafla hapa. Mtu akitaka kusema kitu anyooshe mkono, asipotaka abaki amekaa, yote sawa.

Naanza na kitu kilichonitokea mwenyewe.

Nilikuwa na miezi kama minne kazini. Tukaitwa kikao, tulikuwa watu tisa mezani, kila mtu kapewa karatasi ya bajeti, ile yenye jedwali refu na jumla chini kabisa. Mkuu wa idara anapitia mstari kwa mstari, watu wanaitikia kwa kichwa. Mimi nikawa nashuka na kidole kwenye safu ya kulia, nikafika katikati nikasimama. Mstari wa 11 na mstari wa 19 vilikuwa kitu kimoja, jina limegeuzwa kidogo tu lakini kiasi ni kilekile mpaka tarakimu ya mwisho, yaani gharama moja imehesabiwa mara mbili. Nikajumlisha upya pembeni kwa penseli. Nikajumlisha tena. Ikatoka vilevile.

Mkono wangu wa kulia ukapanda, nakumbuka kabisa, ukapanda mpaka usawa wa bega, halafu ukaishia kushika sikio, ukakuna pale ambapo hapawashi, ukashuka. Na kichwani kuna sauti inaniambia hawa wote wana miaka kumi na kitu hapa, wewe una miezi minne, unadhani wao hawajaona? Lazima ipo sababu ambayo wewe huijui. Basi nikachukua ufutio nikaifuta ile hesabu yangu ya pembeni. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, maana kunyamaza watu hunyamaza, ila mimi nilifuta.

Wiki tatu baadaye kosa likaibuka lenyewe. Kazi ya siku nzima ikarudiwa, watu wakakesha, mimi nikiwemo. Na tukiwa tunatoka usiku ule, mwenzangu aliyekuwa amekaa kushoto kwangu kwenye kile kikao akaniambia kwa sauti ya chini, unajua hata mimi niliiona siku ile? Nikakutazama wewe nikaona umetulia, nikasema basi nimekosea mimi.

Yaani tulikuwa wawili. Watu wawili wamekaa bega kwa bega, wote wameona, kila mmoja anamtumia mwenzake kama ushahidi kwamba macho yake yeye ndiyo mabovu.

Baadaye sana ndo nikaja kusoma kwamba hili jambo limepimwa. Mwaka 1951 mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Solomon Asch, alichapisha majaribio yake ambayo ni rahisi mpaka yanashangaza. Unaonyeshwa mstari mmoja kwenye kadi, halafu kadi nyingine ina mistari mitatu, useme upi una urefu sawa na ule wa kwanza. Swali la mtoto. Watu wakijibu peke yao hawakosei hata mara 1 katika 100. Lakini Asch alimkalisha mtu na kundi la watu waliopangwa kabla, wote wakawa wanataja jibu la uongo kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, bila kucheka, mpaka zamu inamfikia yeye. Zaidi kidogo ya theluthi ya majibu yakafuata kundi. Karibu watu 3 katika kila 4 walikubali lile kosa angalau mara moja. Na walipoulizwa baadaye kwa nini, wapo waliosema hawakutaka kuonekana wa ajabu, sawa hiyo tunaielewa, ila wapo waliosema walianza kuamini kwamba wao ndio wenye tatizo la macho.

Mimi hapo niliposoma nilifunga kompyuta kwanza nikakaa. Kwa sababu ndo ufutio wangu ule.

Ila kuna sehemu ya pili ambayo watu wengi hawaisimulii. Asch alipomweka mtu mmoja tu katika lile kundi anayesema jibu la kweli, mmoja tu, ule mkumbo ukaporomoka. Kwahiyo mkono wangu siku ile ungepanda, hata ukitetemeka, jirani yangu naye angepata pa kusimamia. Naliweka hili mwanzoni kwa sababu mara nyingi mtu anaona kujiamini ni jambo lake binafsi, la kujipamba, la kujisikia vizuri, na mwenye haya anajiambia bora nikae kimya kuliko kujifanya najua. Jamani, pale unapomeza kile ulichokiona, jirani yako anabaki peke yake.

Sasa. Baada ya siku ile nilifanya kosa ambalo nadhani wengi wenu mko ndani yake sa hivi. Nilisema natakiwa kwanza nijiamini, halafu ndo nitaanza kusema. Nikaanza kutafuta kujiamini kama mtu anayetafuta funguo, nikatazama video za kuhamasisha, nikawa nasimama mbele ya kioo asubuhi najiambia unaweza, unaweza, wewe ni wa thamani. Sisemi ni vibaya. Lakini nikifika kazini yale maneno yameshayeyuka, na naongea kama mtu niliyejaribu kweli kwa miaka, si kama mtu anayebeza.

Kilichonifungua macho ni neno lenyewe. Hebu lisikilizeni, ku-ji-amini. Ondoa ile ji, inabaki kuamini. Halafu tazama ndugu zake hilo neno, uaminifu, amana. Amana ni kitu unachomwachia mtu akutunzie, ukirudi unakikuta. Sasa nikajiuliza, hivi mimi mtu mwingine huwa namwaminije? Namwamini kwa sababu amesimama mbele ya kioo? Namwamini kwa sababu ameniambia yeye ni bora? Hapana, kwa kweli anayejisifia sana ndo namwogopa zaidi. Namwamini yule aliyeniambia nitakuja saa tatu akaja saa tatu, aliyeazima kitu akarudisha, aliyeniambia ukweli siku ambayo ukweli ulimgharimu. Imani kwa mtu inakuja nyuma ya matendo yake, haitangulii, na ikivunjika hairudi kwa hotuba, inarudi kidogo kidogo kwa matendo tena.

Basi kwa nini mimi nilitegemea kwangu iwe tofauti?

Nikaanza kukumbuka ahadi nilizojipa mwenyewe. Tunasema ahadi ni deni, na tunalisema kweli, mtu akishindwa kutimiza ahadi yake kwa rafiki anakosa hata usingizi, anapiga simu anaomba radhi. Lakini zile ulizojipa wewe? Kesho naamka saa kumi na moja nasoma, wiki hii namaliza ile ripoti, mwezi huu naacha kuwajibu watu kwa hasira, kuanzia Jumatatu natembea kwa miguu. Jumatatu ngapi zimepita? Hakuna aliyekudai kwa sababu mdai na mdaiwa ni mtu mmoja, ukajisamehe kimyakimya. Sasa ndani yako kuna sehemu inayoweka hesabu, haipigi kelele, inaandika tu. Ukija kuiambia siku ya interviu "niamini, tutaweza", inafungua kitabu chake inakuangalia. Mara nyingi tunachokiita kukosa kujiamini ni kumbukumbu nzuri tu ya jinsi tulivyojitendea.

Nilipoliona hilo niliumia, halafu nikapumua. Kuumia mnaelewa. Kupumua ni kwa sababu deni hulipwa, na ukishajua ni deni basi una pa kuanzia.

Nikaanza na ahadi ndogo mpaka naona aibu kuitaja, dakika 10 za kusoma kila jioni kabla ya kulala, na simu iko chumba kingine. Dakika 10 basi. Nikiwa na hamu ya kuendelea saa nzima najikataza, maana kesho nitaona saa nzima ndo kipimo na nitaanza kukwepa. Siku niliyorudi usiku sana nimechoka mpaka macho yanafumba, nilisoma nimesimama, nimeegemea ukuta, nisije nikalala, nikaangalia saa mpaka dakika ya 10 ikafika. Sikumbuki hata neno moja nililosoma usiku ule. Nakumbuka nilivyozima taa, nikajisikia nimelala na mtu ninayeweza kumtegemea. Sina namna nzuri zaidi ya kulieleza.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika jambo la karibu na hili mwaka 1977, kuhusu mtu kuamini kwamba anao uwezo wa kufanya kazi fulani. Alitaja vyanzo vinne, kufanya jambo mwenyewe ukafanikiwa, kumwona mtu kama wewe akifanikiwa, maneno ya kutiwa moyo, na jinsi unavyousoma mwili wako ukiwa na wasiwasi. Na chenye nguvu kuliko vyote akasema ni hicho cha kwanza, kufanya. Maneno yapo kwenye orodha, sikatai, lakini hayafui dafu mbele ya kufanya. Na angalieni hicho chanzo cha pili, "mtu kama wewe". Kumwona bingwa wa dunia hakukusaidii sana, kunaweza hata kukukatisha tamaa, ila kumwona mwenzako mliyeanza naye akihangaika, akikosea, akirudia, akapata, hapo ndani yako kitu kinasema aa, kumbe inawezekana. Ndo maana nawaomba mnaofanikiwa msifiche michubuko yenu.

Kuhusu mwili nitapita haraka. Moyo ukidunda kabla ya kuongea mbele ya watu, wengi tunajiambia tulia, tulia, na hautulii. Mtafiti Alison Wood Brooks mwaka 2014 alionyesha kwamba watu waliojiambia "nina hamasa" kabla ya kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu walifanya vizuri kuliko waliojiambia "nimetulia". Ina mantiki, moyo ule unaodunda ni uleule, umeubadilishia jina tu kuelekea upande ambao tayari unakwenda. Mimi leo kabla ya kupanda hapa viganja vimelowa, nikajiambia nina hamu ya kuwaona hawa watu. Na ni kweli ninayo.

Turudi kwenye uaminifu, maana hapa ndo kuna nyama.

Hata mtu mwaminifu huwezi kumwamini kwa kila kitu. Una rafiki unaweza kumwachia watoto wako wiki nzima lakini huwezi kumtuma akachague gari. Humdharau kwa hilo, unajua tu yuko imara wapi. Basi na wewe kwako ni hivyohivyo. Kuna mwaka nilinunua daftari dogo, nikawa nikitaka kuamua jambo naandika kwanza ninachodhani kitatokea, na nina uhakika kiasi gani, kisha likishatokea narudi naandika kilichotokea kweli. Mistari miwili mitatu tu. Kazi hii nitaimaliza siku mbili. Huyu mteja atakubali. Bosi amenuna kwa sababu ya ile imeili yangu. Nikaendelea kama miezi minane.

Nilichokikuta humo kilinibadilisha kuliko kitabu chochote. Kwenye hesabu na kugundua makosa kwenye maandishi nilikuwa sahihi karibu kila mara, mimi yule aliyefuta kwa ufutio. Kwenye muda nilikuwa wa kutupwa, nikisema siku mbili ni tano, nikisema tano ni wiki mbili, bila kukosa. Na kwenye kudhani watu wananiwazia nini nilikuwa nakosea vibaya, ukurasa baada ya ukurasa, bosi hakununa kwa sababu yangu, alikuwa anaumwa jino. Yule rafiki hakunyamaza kwa kunichoka, simu yake iliharibika. Yaani mahali ambapo nilikuwa najiamini zaidi, kwenye kusoma nyuso za watu na kujihukumu kwa hizo nyuso, ndipo palipokuwa pabovu, na mahali nilipokuwa naogopa ndipo palipokuwa imara. Nisingejua bila kuandika, maana akili inapenda kukumbuka mambo kama ilivyoyataka.

Hili la watu wanakuwazia nini nalo limepimwa. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake walichapisha utafiti ambapo mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha kubwa ya msanii, fulana ya kumtia aibu, akaingizwa kwenye chumba cha wenzake. Akaulizwa wangapi wameiona picha ile. Kwa wastani walidhani karibu nusu ya chumba. Walioiona kweli ilikuwa kama robo. Watu wako bize na fulana zao.

Na kuna jambo lingine kuhusu lini uamini ile hisia ya haraka, ile ya "moyo wangu unaniambia". Watu wawili waliokuwa na misimamo tofauti kabisa, Daniel Kahneman aliyechunguza makosa ya akili na Gary Klein aliyechunguza makamanda wa zimamoto wanaoamua kwa sekunde, walikaa wakaandika pamoja mwaka 2009. Wakakubaliana kwamba hisia ya haraka inastahili kuaminiwa pale ambapo mambo yanajirudia kwa utaratibu unaoweza kujifunzwa, na mtu amepata muda wa kutosha wa kujifunza huku akirudishiwa majibu ya wazi. Bila hivyo, hisia inaweza kuwa kali sana na bado ikawa si kitu. Kwahiyo mtu akikwambia "fuata moyo wako" muulize, moyo wangu umesomea wapi hili jambo? Kama umelifanya mara 200 ukaona matokeo, ufuate. Kama ni mara ya kwanza, uliza waliotangulia, na kuuliza si kukosa kujiamini, ni kujua mipaka ya amana uliyonayo.

Ndo maana mimi siwaambii muue shaka. Naomba mnielewe vizuri hapa. Mtu asiye na shaka kabisa anatisha. Mwaka 1999 David Dunning na Justin Kruger waliwapa watu mitihani ya mantiki na sarufi, wakawauliza unadhani umewapita wenzako wangapi. Waliofanya vibaya zaidi, ambao kwa wastani walikuwa wamewapita wenzao kama 12 katika 100, walijiona wamewapita zaidi ya 60. Na wale wa juu kabisa walijishusha chini ya pale walipo. Debe tupu haliachi kuvuma, wazee walishasema, ila sikujua kwamba debe lililojaa linaweza kukaa kimya likidhani nalo ni tupu.

Kuna shaka inayouliza kuhusu kazi na kuna shaka inayomhukumu mtu. Ya kwanza inasema, hii jumla umeihakiki? Ya pili inasema, wewe ni nani mpaka useme? Ya kwanza ina jibu, unahakiki, unapata, inanyamaza. Ya pili haina jibu, ukiileta digrii inataka nyingine, ukipandishwa cheo inasema walikosea kukupa, ukisifiwa inasema hawakujui vizuri. Wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliandika kuhusu hilo mwaka 1978, walikuwa wamefanya kazi na wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa, wenye shahada za juu, wanaoheshimiwa kazini, ambao ndani yao waliamini wamefika pale kwa bahati au kwa makosa ya mtu aliyesahihisha mtihani, na kwamba siku moja watagundulika. Baadaye ikaonekana wanaume nao wamo tele. Sasa ukishajua kwamba ile sauti haishibi, unaacha kuilisha. Mimi nikiisikia naigeuza tu, naiuliza, sema kosa liko mstari wa ngapi. Ikiwa na mstari, asante, naenda kuangalia. Isipokuwa na mstari naendelea na kazi.

Na sauti ile mara nyingi ina mwenyewe. Yangu nilipoisikiliza vizuri nikagundua si yangu, ni ya mwalimu mmoja nilipokuwa na miaka tisa, alinirudisha kutoka ubaoni mbele ya darasa akasema huyu ni mzito, kaa chini. Chaki ilikuwa bado mkononi, niliifinya mpaka ikavunjika. Yeye pengine alisahau kabla ya kengele ya mapumziko. Mimi nilimbeba miaka 20 nikidhani ni mimi. Wazazi mliopo hapa, walezi, walimu, nawaomba kwa moyo wangu wote, mtoto akikosea mwambieni kosa liko wapi. Msimwambie yeye ni nani. Mtoto hana namna ya kukagua hayo maneno, anayapokea kama yalivyo anajenga nayo nyumba.

Na kama unaishi leo na mtu anayekwambia kila siku kwamba huwezi, huna akili, bila yeye wewe si kitu, hapo usijilaumu kwamba hujiamini. Hakuna daftari litakalokusaidia huku kuna mtu anafuta kila unachoandika. Tafuta kwanza mtu mmoja nje ya nyumba hiyo wa kumwambia ukweli. Na kama shaka imefika mahali hulali, huli, unaona bora usingekuwepo, nenda kwa daktari au mshauri, mapema, usisubiri upate ujasiri.

Mtu mmoja aliniuliza, sasa tutajuaje kama ni kujiamini au ni ubishi? Swali zuri. Huwa namkumbuka daktari Barry Marshall wa Australia. Yeye na Robin Warren waliona bakteria kwenye matumbo ya wagonjwa wenye uvimbe na vidonda, wakasema hawa ndio chanzo, wakati madaktari wengi waliamini chanzo ni asidi na msongo wa mawazo. Hakuaminiwa. Mwaka 1984 Marshall akanywa wale bakteria mwenyewe, siku chache akawa anatapika, wakampima wakakuta ukuta wa ndani wa tumbo una uvimbe. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel wote wawili. Watu hupenda kuishia hapo kwenye tuzo. Mimi kinachonigusa ni kwamba alikuwa tayari kukaguliwa. Mbishi hataki kipimo, anataka akubaliwe. Anayejiamini anasema njooni tupime, na anakubali kabisa kwamba kipimo kinaweza kumkataa. Na niseme ukweli, wengi wanaokataliwa na watu wote huwa wamekosea kweli, kwahiyo kukataliwa peke yake si ushahidi wa lolote.

Nimalizie na kikao cha pili. Ilipita kama miaka mitano tangu kile cha kwanza, meza nyingine, watu wengine, jedwali lingine. Nikaona tena kitu hakijakaa sawa, tarakimu haifanani na ile ya ripoti niliyokuwa nayo. Moyo ukaanza mambo yake. Mkono ukapanda, ukafika begani, nikaufikiria ule ufutio, ukapita bega, ukasimama juu. Nikasema, samahani, naona mstari wa sita haulingani na ripoti, naomba tuangalie. Watu wakafungua karatasi zao, kurasa zikapekuliwa, sekunde kama 20 za kimya kirefu sana.

Nilikuwa nimekosea. Ripoti yangu ilikuwa ya mwezi uliopita. Mwenyekiti akasema, "Aa, hiyo ya zamani, mpya iliingia jana, nitakutumia," na tukaendelea na mstari wa saba. Basi. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyenitazama mara mbili. Lile jambo nililoliogopa miaka yote lilikuja, likakaa sekunde 20, likaondoka. Jioni nikaandika kwenye daftari, nilidhani kosa, halikuwepo, angalia tarehe ya ripoti kwanza. Na dakika kama kumi baadaye kwenye kikao kilekile, dada mmoja mgeni kabisa, hajasema neno tangu asubuhi, akanyoosha mkono akasema na yeye ana swali kuhusu mstari wa 14. Lake lilikuwa kosa kweli.

Sasa tuna nusu saa ya maswali. Wewe kaka wa safu ya tatu kutoka nyuma, shati la bluu, umenyoosha mkono mara mbili ukaushusha, nimekuona. Mpeni maiki, tunaanza na wewe.